Pipi ya Mtani

Gaudensi Kikoti alipenda kusema kwamba yeye pipi ya fuko anaimumunya kwa ajili ya utamu tu. Ubongo wake, alidai, ni ubongo wa Kihehe, umekomazwa na baridi ya Iringa. Ungeweza kukaa bila hewa kama jiwe la kusagia na siku ya kutoka ukatoka na makali yaleyale. Alilitangaza hilo kila asubuhi kwenye foleni ya mgodi wa Lipwege, kwa sauti ya dalali wa mnadani, na watu walicheka kila asubuhi, maana mtu mwenye mdomo wa namna ile humchoki, unamzoea kama jirani mwenye redio.

Pipi yenyewe ilikuwa kitu kidogo cha kijivu, utamu wake kama embe lililolala juani. Asili yake ni mnyama ambaye hata mama yake angetafuta sababu ya kumkana: fuko asiye na manyoya wa nyika za kaskazini, meno yote nje, ngozi kama kidole kilichoshinda kwenye beseni la kufulia. Mnyama huyu huishi chini ya ardhi amebanana na ukoo mzima. Hewa inakwisha, naye hafi. Seli za ubongo wake zinaacha kuchoma sukari kwa oksijeni kama zetu, zinageukia sukari ya matunda ambayo haina haja na oksijeni, zinapunguza kazi, zinasinzia. Hewa ikirudi zinaamka, na bwana fuko anaendelea kutafuna mzizi wake palepale alipoachia. Wataalamu waliichukua swichi hiyo ya kugeuza, wakaifunga ndani ya pipi. Ukiimumunya, kichwa chako kinakuwa na akili ya fuko kwa zamu nzima. Hewa ikikata, mwili utalegea na usingizi utakuchukua, lakini seli za ubongo zitakusubiri.

Kampuni ilipoona watu wake hawaharibiki tena vichwa, ikaanza kuzitazama feni za hewa kwa jicho jingine. Zilikuwa mbili, ikabaki moja. Ukishaota ngozi ya kiboko, mwenye fimbo haoni tena sababu ya kuiweka mbali.

Sheria ilitaka pipi imumunywe mlangoni, mbele ya nyapara Luambano. Wachimbaji walikuwa na sheria yao. Pipi ilileta uzito fulani wa macho, na nani anataka kusinzia kabla hajaanza kazi. Kwa hiyo waliipokea, wakaipachika shavuni au mfukoni, wakaja kuimumunya chini kabisa, lifti ikishatua. Luambano alijua. Alitazama pembeni, kama baba anayejua watoto wameonja mboga.

Ndani ya lifti hiyo, asubuhi ya siku ambayo Gaudensi angetoa chochote ili irudi, alisimama akitazamana na Oswini Nditi, Mngoni wa kutoka ng'ambo ya mto, mwenzake wa kutoboa miamba. Wahehe na Wangoni walipigana zamani wakachoka, na tangu hapo ni watani: Mhehe anaweza kumtukana Mngoni mbele ya wakwe, Mngoni anaweza kumpokonya Mhehe nyama mdomoni, na mwenye kukasirika ndiye mwenye kosa. Gaudensi alikuwa ameshamaliza mahubiri yake ya ubongo wa Kihehe. Akamgeukia Oswini, akamwonea huruma: Wangoni wamekula fuko tangu enzi za mababu, mchuzi na mifupa, na hakuna hata mmoja aliyepata akili, sasa Serikali imewaonea huruma inawapa kwa pipi.

Oswini akamjibu kwa utulivu kwamba hilo ni kweli, na tena anaishukuru sana pipi hiyo, kwa sababu tangu Gaudensi aanze kuimumunya, mbwa wa pale kota, kitoweo cha Wahehe, wanalala mlango wazi.

Lifti nzima ikacheka. Gaudensi pia alicheka, lakini alikuwa ameshindwa, na kushindwa mbele ya watu kulimwasha kama upupu. Oswini alikuwa ameishika pipi yake kwa vidole viwili, tayari kuiweka kinywani. Gaudensi akanyoosha mkono, akaichomoa, akaitumbukiza mfuko wa shati lake na kufunga kifungo.

Hapo tena desturi ilishika usukani. Kitu kilichochukuliwa na mtani hakiombwi wala hakipiganiwi. Hukombolewa. Unakunja viganja, unapiga makofi mawili mazito huku umeinamisha kichwa, kama mtu aliye mbele ya chifu, na mtani analazimika kukurudishia palepale. Akikataa baada ya makofi, huyo si mtani tena. Ni mwizi, na jina hilo humfuata hadi matangani.

Gaudensi akajiweka sawa kichifu, akangoja makofi. Oswini akatabasamu, akamwambia akae nayo tu, atakomboa jioni, mbele ya watu wengi zaidi, ili Mhehe apate angalau siku moja ya kuitwa chifu.

Lifti ikatua. Gaudensi akaweka pipi yake chini ya ulimi. Ile nyingine akaihisi kifuani, ndogo kama punje ya hindi, na akajiambia atampa kabla hawajafika kwenye mwamba. Walipofika kwenye mwamba akajiambia atampa Mngoni akinuna kidogo. Mngoni hakununa.

*

Feni ilikata bila kuaga. Mashine ya kutoboa ilikuwa inanguruma, kwa hiyo hawakusikia kimya cha feni. Walichoona ni vumbi. Vumbi ambalo siku zote lilivutwa kuelekea nyuma lilisimama hewani mbele ya taa zao za kichwani, halina pa kwenda.

Oswini akaizima mashine. Wakasikiliza. Mwisho wa handaki lile, mbali na lifti, hewa ilikuwa ile iliyosukumwa kwao, na sasa hakuna aliyesukuma. Mwamba wa Lipwege ulikuwa na tabia ya kula oksijeni, wenyewe waliita kupumua kwa mlima. Ulipumua, na wewe ukaachiwa kilichobaki. Oswini akasema watoke, wakaanza kutoka. Hawakufika mbali kabla magoti hayajaanza kuwa ya mtu mwingine.

Gaudensi alikuwa na kinga yake. Alijua. Alikuwa ameisikia semina ya kampuni mara nyingi kuliko misa. Lakini kujua ni kwa mtu aliyekaa kwenye kiti. Yeye alikuwa anahisi moyo unagonga kama mtu aliyefungiwa chooni, anahisi kingo za mwanga wa taa zinasogea ndani, na wazo moja tu likaja likakaa: moja haitoshi. Mkono wake ukafungua kifungo cha mfuko. Aliitoa pipi, akaishika kwenye mwanga.

Hapo ndipo aliposikia makofi.

Oswini alikuwa ameketi akiegemea ukuta wa mwamba. Helmeti imeinama, maana kichwa kilikuwa kimeinama. Viganja vimekunjwa. Alipiga la kwanza, zito. Akakusanya nguvu, akapiga la pili. Hakukuwa na watu wengi pale wala wachache. Alikuwa amekomboa.

Kisha Oswini akainua uso, akanyoosha kiganja. Taa ya Gaudensi ikamwangaza, na taa ya Oswini ikamwangaza Gaudensi, kwa hiyo hakuna kati yao aliyeweza kusema baadaye kwamba hakuona.

Gaudensi akaitia pipi kinywani mwake.

Hakuimumunya. Aliitafuna, haraka, kama mtoto anayetafuna sukari ya wizi mama yake akiwa mlangoni, na utamu wa embe ukamjaa hadi puani. Alipomaliza kumeza ndipo akili ikarudi kuuliza imefanya nini. Kiganja cha Oswini kilikuwa bado kiko wazi. Kikashuka polepole mpaka pajani, kama kitu kilichosahauliwa.

Alimbeba. Hilo ni kweli, na ndilo lililomtesa baadaye kuliko uongo. Alimkokota kwa mikanda ya nguo za kazi, akitukana, akilia, akimwahidi mambo ambayo Mhehe hajawahi kumwahidi Mngoni, mpaka karibu na lifti, na hapo usingizi wa fuko ukamwangusha juu ya mwenzake. Waokoaji waliwakuta hivyo, mmoja amemfunika mwingine. Kwa macho ya mtu anayekuja na tochi, ilikuwa picha nzuri sana.

*

Kampuni iliipenda picha hiyo, ambayo mwokoaji mmoja aliipiga. Iliitundika kwenye lango, na chini yake maneno kuhusu undugu na teknolojia. Gaudensi aliamka hospitalini mzima kama kengele. Oswini aliamka macho tu. Macho yalifuata watu, mikono iliokota vitu visivyokuwepo juu ya shuka, lakini maneno hayakuwepo, na alipoitwa jina lake alitazama dirishani.

Dada yake, Rainfrida, alifika na hotpoti ya ugali na dagaa wa Nyasa, akagawa sehemu mbili. Mwanamke huyu alikuwa na ulimi. Miaka yote alikuwa akimwita Gaudensi mtani, akimwambia mbele za watu kwamba uso wake ni ushahidi kuwa wale mbwa hawakuliwa bure. Safari hii alimshika mkono kwa mikono yake yote miwili na kumwita kaka.

"Kaka Gaude," alisema, "mama amesema uzao wako usikauke."

Gaudensi akala dagaa. Walikuwa na ladha ya embe. Chai ilikuwa na ladha ya embe. Angekubali atukanwe na ukoo mzima wa Nditi, wamtukane kwa zamu mpaka jioni, kuliko kuitwa kaka tena mara moja.

Si kwamba hakujaribu kusema. Alijaribu, na mahali alipochagua ni kantini, penye watu, kwa sababu alidhani penye watu angepata nguvu. Wenzake walikuwa wanamsifu, naye akaweka kikombe mezani akasema wazi kwamba pipi ya Oswini alimnyang'anya yeye, akaila yeye. Kisha mmoja akapasuka kicheko, wote wakafuata, mpaka nyapara Luambano akafuta machozi kwa kofia, akisema Mhehe huyu hata siku ya kiama atamtania malaika. Gaudensi alingoja kicheko kiishe ili arudie. Kilipoisha, alijikuta naye anacheka. Kibaya zaidi, tumboni mwake kulikuwa na kitu kama shukrani.

Shukrani ileile Gaudensi aliihisi tena pale Daktari Namkunda, aliyekuwa akimtibu Oswini, alipomwambia Rainfrida, kwa sauti ya chini, kwamba kumbukumbu za Oswini za siku ile huenda zimekwenda moja kwa moja. Gaudensi alikuwa amesimama mlangoni na mfuko wa machungwa. Alisema moyoni, Asante Mungu. Aliposikia alichosema, aliyaacha machungwa sakafuni na kwenda kukaa kwenye ngazi za nje.

*

Daktari Namkunda alikuwa Mpare mfupi, mpole, mwenye kuuliza swali moja mara moja tu. Aliwaita wote wawili kando ya kitanda asubuhi iliyofuata, sindano ikiwa tayari kwenye trei, ndani yake dawa ya rangi ya manjano ambayo manesi waliiita Jogoo.

Alianza na Rainfrida, akamweleza taratibu. Ubongo uliolazwa na pipi ya fuko, alisema, mara nyingine hulala mno, usiamke wenyewe hata hewa ikirudi. Hapo ndipo Jogoo anapowika: huzigonga seli zote kwa pamoja, ziamke, zianze kazi. Wagonjwa wa namna hiyo amewaona wakiomba uji siku ileile. Lakini ubongo ambao haukulazwa na pipi ni habari nyingine. Seli zake hazikulala. Zilikaa macho hewa ikikata, zikaumia, baadhi zimekufa na nyingine ziko mahututi zinajiuguza. Hizo ukizipigia Jogoo unakuwa umemchapa ng'ombe mgonjwa ili alime. Atasimama, atavuta jembe hatua chache, atakufa. Ubongo wa namna hiyo hutibiwa kwa baridi, chakula na subira, miezi mingi, na mtu hurudi kidogokidogo, kama hurudi.

"Na huwezi kupima ukajua ni upi?" Rainfrida aliuliza.

Daktari akatikisa kichwa. Pipi haiachi alama kwenye damu, ni sukari tu na maelekezo. Zamu ikipita, imepita. Na Jogoo asipopigwa leo, hata aliyelala atazoea kulala.

"Nyapara ameniambia wote walipewa," alisema, sasa akimgeukia Gaudensi. "Ila kupewa si kumeza. Wewe ulikuwa naye, kaka. Ulimwona akiitia mdomoni?"

Swali lilikuwa fupi na jibu lake lilikuwa fupi zaidi. Hapana. Hata mtoto wa chekechea analiweza. Gaudensi alilitafuta, akalipata, akalipandisha mpaka kooni. Akamwona Rainfrida anamtazama kwa macho ya mtu anayemtazama ndugu. Akaiona ile picha langoni inashushwa. Akalisikia jina, mwizi, jinsi litakavyotamkwa kwa Kingoni matangani kwao na kwa Kihehe matangani kwake. Na kabla hajajua, mdomo wake, ule mdomo wa mnadani, ulikuwa umeshapata njia yake.

"Daktari," akasema, "Mngoni apewe fuko, halafu unaniuliza kama alimla?"

Rainfrida alicheka. Ilikuwa mara yake ya kwanza kucheka tangu afike, akajifunika mdomo kwa khanga, akapiga bega la Gaudensi. Hata daktari alitabasamu. Hakuwa amedanganya, Gaudensi alijiambia. Alikuwa ameuliza swali tu, na swali haliwezi kuwa uongo. Hoja hiyo ilisimama kwa muda wa pumzi moja.

"Basi vizuri," daktari alisema, akavaa glavu. Kisha, kama mtu anayeongea ili mikono yake isiwe kimya, akaongeza kwamba ni bahati kubwa, kwa sababu pipi moja hutosha kabisa. Wachimbaji wengine wakiogopa humeza mbili. Ya pili haifanyi kazi yoyote. Swichi ikishawashwa imewashwa. Ila kwa ambaye hajapata, hata akiipata hewa imeshaanza kupungua, bado humwokoa.

Haifanyi kazi yoyote. Gaudensi alishika chuma cha kitanda. Aliila bure. Hakuiba hata uhai, aliiba utamu.

Sema sasa, akajiambia. Daktari alikuwa anafuta mkono wa Oswini kwa pamba. Sema, akifika kwenye kutafuta mshipa. Akautafuta mshipa, akaupata. Sema akichukua sindano. Akaichukua. Ulimi wa Gaudensi ulilala kinywani kama fuko, hauhitaji hewa, unasubiri mambo yapite.

Kofi lilikuwa dogo mno, nesi aliyekuwa mlangoni alidhani kitu kimeanguka.

Oswini alikuwa ameuchomoa mkono wake kutoka kwa daktari. Viganja vyake, vilivyokuwa vikihangaika kwenye shuka tangu alipoamka, vilikuwa vimekutana juu ya kifua, vimekunjwa, vinatetemeka. Akakusanya nguvu. Akapiga la pili. Kichwa chake kilikuwa kimeinama kwenye mto kiasi shingo inavyoweza kuinama, kisha kikainuka, na macho yale yaliyokuwa yakikimbilia dirishani yakatua mahali pamoja, kwenye mfuko wa shati la Gaudensi. Kiganja kikafunguka, kikanyooshwa.

"Ni misuli tu," daktari alisema kwa upole, akautafuta tena ule mkono. "Hutokea."

"Si misuli," Rainfrida alisema.

Alikuwa ameacha kucheka, ila khanga ilikuwa bado mdomoni. Aliishusha. Alimtazama kaka yake, akakitazama kile kiganja kilichofunguliwa, akayafuata macho ya kaka yake mpaka yalipokuwa yanaelekea, na uso wake ukawa kama wa mtu anayesoma maandishi ya lugha ya kwao mahali asipotegemea kuyakuta.

"Daktari, weka hiyo sindano chini. Huyu anakomboa kitu."

Daktari hakuelewa neno lenyewe, lakini aliielewa sauti. Akairudisha sindano kwenye trei.

Rainfrida akamgeukia Gaudensi. Hakupandisha sauti. Alirudia jina lake la zamani, lile ambalo Gaudensi alikuwa amelililia siku zote hizi, na lilipokuja lilikuwa zito kuliko kaka.

"Mtani," alisema, "ulimchukulia nini?"

Gaudensi akafungua mdomo. Alipekua ndani yake kama mtu anayepekua koti la mwaka jana, na hakukuwa na mzaha hata mmoja. Alitaka kusema kwamba hana kitu, watazame, mikono yake ni mitupu. Lakini mkono wake wa kulia haukuwa pale alipouacha. Ulikuwa umeshapanda wenyewe mpaka kifuani, umeufunika ule mfuko mtupu, umeukumbatia kwa nguvu kama kwamba bado kuna kitu cha kukataliwa.

Wote wakauona. Na Oswini, polepole, kama mtu anayedhani hakusikika vizuri, akakunja viganja akapiga tena.